Boda! Boda! Kelele ya mpakani iliyogeuka jina

Wiki hii zamu ya kuandika imetufikia sisi wa meza ya kutafsiri. Tulifikiria kuandika juu ya vita au juu ya mfalme fulani wa zamani, lakini tukaona hapana. Tutaandika historia ya neno moja tu, neno ambalo kila mmoja wetu analitaja mara kumi kwa siku, halafu siku moja likatuletea aibu.

Tuanze na hiyo aibu.

Kuna mama mmoja alifika mapokezi, mtu mzima, miguu imevimba, na wajukuu wawili. Mwenye fomu akauliza kwa Kiingereza alipitia mpaka gani. Sisi tukamgeuzia mama kwa Kiswahili chetu cha haraka: "Mama, ulipitia boda gani?" Mama akajibu bila wasiwasi: "Ya kijana mmoja mrefu hivi, alinitoza elfu kumi, na mizigo akaibeba mbele." Tukatafsiri: amekuja na pikipiki. Ikaandikwa. Mahali alipovukia pakabaki wazi.

Baada ya siku nyingi ile fomu ikarudi. Mama akaitwa tena, akaulizwa upya, safari hii na mkalimani mwingine aliyesema "mpaka". Mama akataja mahali vizuri kabisa. Halafu akaulizwa swali ambalo mkimbizi yeyote akilisikia tumbo linakaza: "Mbona maelezo yako yamebadilika?"

Hayakubadilika, jamani. Yeye alisema ukweli mara zote mbili. Ni sisi tuliotumia neno moja lenye vichwa viwili bila kujua. Kwetu sisi siku hizi boda ni mpaka na boda ni pikipiki, na mama kwake boda ilikuwa pikipiki tu, kwisha. Alisubiri wiki kadhaa zaidi kwa sababu ya herufi nne.

Tulimwomba msamaha. Akatucheka kidogo, akasema, "Nyinyi watoto mna Kiingereza kingi mpaka kinawameza." Maneno hayo yalituuma. Basi tukaanza kutafuta: hili neno limetoka wapi, na limewezaje kuwa vitu viwili?

Kwanza tukaulizana wenyewe, na hapo ndipo vituko vilipoanza. Rafiki wetu wa Sudan Kusini alisema boda ni neno la Kiganda, sababu Juba lilifika likiletwa na watu wa Uganda. Mwenzetu wa Kivu akasema ni Kiswahili cha Kenya, sababu kwao Goma wanasema "moto". Dada mmoja wa shirika, mtu wa Ulaya, alidhani ni lugha ya kienyeji ya zamani sana. Kumbe lile neno ni lake yeye! Ni Kiingereza kilichotoka nyumbani bila viatu, kikazunguka, kikarudi kikiwa hakijulikani na mama yake.

Neno lenyewe ni "border". Ukimsikiliza Mwingereza wa London, ile r ya mwisho haitamki, anaiacha ifie mdomoni. Kwa hiyo sikio la mtu wetu halikukosea hata kidogo liliposikia "boda". Ni vile vile "order" ilivyokuwa oda, "powder" ikawa poda, "power" ikawa pawa. Na Waingereza nao waliliazima. Lilitoka kwa Wafaransa wa zamani, na sisi tuliosoma Kifaransa Kongo bado tuna ndugu yake: "bord", ukingo, pembeni, kama mtu anaposema gari limesimama pembeni ya barabara. Kwa hiyo asili yake ni ukingo tu. Ukingo wa kitambaa, ukingo wa meza. Baadaye ndio ukawa ukingo wa nchi.

Lakini neno la ofisini haliwi jina la pikipiki hivi hivi. Lazima kuna mtu alilichukua akalipigia kelele. Na huyo mtu alikuwa Busia.

Wawili kati yetu tulipata nafasi ya kupita huko tukielekea semina Tororo. Kwa wasiojua, Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Kuna Busia ya Uganda na Busia ya Kenya, jina moja, soko karibu moja, na katikati mstari. Kama kilomita 30 kuelekea kaskazini kuna Malaba, nayo ni hivyo hivyo, Malaba ya Uganda upande wa Tororo na Malaba ya Kenya. Hata ile Busia ya Uganda zamani ilikuwa ndani ya wilaya ya Tororo, ikajitenga kuwa wilaya yake mwaka 1997. Malori ya Mombasa kwenda Kampala, Kigali, Juba na Kongo, mengi yanapita kwenye milango hii miwili. Hata unga na mafuta tunayogawiwa sisi kambini mara nyingi yameshaona Malaba au Busia kabla ya kutuona.

Tulikaa kwenye steji tukamsalimia mzee mmoja aliyekuwa anarekebisha cheni ya baiskeli chini ya mti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba vijana wangu. Mnavuka?"

Tukacheka. Mzee haulizi mtu anatoka wapi wala ni nani. Anauliza kama unavuka! Tukamwambia hatuvuki, tunatafuta habari ya neno boda. Akaweka spana chini. "Hilo neno," akasema, "lilinijengea nyumba na likanimaliza magoti."

Alivyotueleza yeye ndivyo wengi walioandika juu ya Busia wanavyoeleza. Miaka ya 1960 na 1970 geti la Uganda na geti la Kenya hayakukaa pamoja. Kati yake kulikuwa na kipande cha barabara ambacho si cha huku wala si cha kule. Basi linakushusha upande mmoja, na gari la abiria haliwezi kuvuka bila karatasi nyingi. Wewe umeshuka na gunia lako, mtoto mgongoni, jua linachoma, na mbele yako ni mwendo wa miguu. Hapo ndipo vijana wa baiskeli walipoona kazi. Walichukua zile baiskeli nzito nyeusi za chuma, wakafunga sponji juu ya keria ya nyuma, wakaivisha kitambaa au ngozi ya plastiki, na abiria akapata kiti. Baiskeli haikuhitaji karatasi. Inapita.

Sasa ukishakuwa na kiti lazima uite abiria. Uite kwa lugha gani? Anayeshuka kwenye basi anaweza kuwa Msamia, Mteso, Mjopadhola, Mganda, Mluo, Mkikuyu, Msomali. Ukiita kwa Kisamia umepoteza nusu. Ukiita kwa Kiswahili unasema nini, "Mpaka! Mpaka!"? Mzee akacheka hapa mpaka akakohoa. Sababu "mpaka" kwa Kiswahili pia ni "hadi". Ni kama mtu anakufokea "Hadi! Hadi!" nawe unabaki unasubiri, hadi wapi? Lakini neno la ofisini lilijulikana na kila mtu, hata asiyejua Kiingereza, kwa sababu ndilo liliandikwa kwenye ubao na ndilo askari alilisema. Kwa hiyo wakapiga kelele: "Boda! Boda! Boda-boda!"

Wapo wanaosema maana yake ilikuwa "kutoka boda hii mpaka boda ile", yaani mara mbili kwa sababu mageti ni mawili. Wapo wanaosema ni kelele tu, kama unavyoita maembe maembe. Mtu wa Malaba naye atakuambia lilianza kwao. Sisi tunaona hakuna haja ya kupigana. Lugha zetu zinapenda kurudia neno: pole pole, haraka haraka, moja moja. Neno likisemwa mara moja ni habari, likisemwa mara mbili linakuita wewe.

Mwanzoni aliyeitwa boda-boda hakuwa baiskeli. Ilikuwa sauti. Halafu ikawa jina la anayetoa sauti: "muite yule boda." Halafu ikawa jina la chombo chenyewe. Na mwisho jina likaondoka mpakani kabisa. Miaka ya 1990 pikipiki zikaanza kuchukua kazi ya baiskeli Kampala, mji ambao hauna mpaka wa nchi hata mmoja, na bado zikaitwa boda boda. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 2000, serikali ilipopunguza kodi ya pikipiki ndogo, zikajaa kila kijiji. Tanzania wakazipokea na jina lake. Juba nayo. Mwaka 2014 Kampala ikaanza kampuni ya simu inayoitwa SafeBoda, na pale jina likavaa helmeti na kuingia kwenye programu. Leo mtu wa Mwanza au Gulu anapanda boda maisha yake yote bila kufika mpaka wowote. Na kamusi za Kiingereza zenyewe siku hizi zimeliandika boda boda kama neno la Kiingereza la Afrika Mashariki.

Si neno hili peke yake lililozaliwa hivyo. Daladala ya Tanzania imetokana na dala, jina la mtaani la sarafu ya shilingi tano, nauli ya wakati ule, makondakta wakiita abiria. Matatu ya Kenya imetoka kwenye nauli ya mapeni matatu. Na harambee ilikuwa kelele ya wabeba mizigo na wavuta kamba ili wavute kwa pamoja, mpaka Mzee Kenyatta mwaka 1963 akaifanya neno la taifa zima. Maneno mengi ya usafiri na ya kazi hapa kwetu hayakutungwa na maprofesa. Yalitungwa na watu wenye koo kavu.

Na Waingereza nao ni hivyo hivyo, msidhani. Chukueni "halo" tunayosema kwenye simu. Simu ilipoanza huko Marekani, Alexander Graham Bell alitaka watu waseme "ahoy", wito wa mabaharia wakiita meli nyingine. Thomas Edison mwaka 1877 akapendekeza "hello". Edison akashinda, na ndio maana leo Bunia, Kampala na Mombasa wote tunaanza na halo au alo. Lakini neno hilo ni ndugu wa kelele za zamani sana, halla, hollo, holla, sauti za kumwita mtu aliye mbali. Wataalamu wa kamusi wanalihusisha na neno la Kijerumani cha kale lililomaanisha "njoo uchukue", na wanasema lilitumika hasa kumwita mtu wa mtumbwi, yule anayevusha watu mtoni.

Tuliposoma hilo tulinyamaza kidogo. Maana yake halo ni sauti ya anayetaka kuvushwa, na boda ni sauti ya anayevusha. Mmoja amesimama ukingoni anaita, mwingine anaitikia. Wazungu walikuwa na mto, Busia ilikuwa na mstari.

Sasa huo mstari nao ulitoka wapi? Hapa tuwaambie ukweli, wengi wetu tulidhani mipaka ilikuwepo tangu Mungu alipoumba milima. Hapana. Reli kutoka Mombasa ilifika ziwani, Kisumu ya leo, mwaka 1901, na wakati huo Kisumu ilihesabiwa Uganda. Uganda ya Waingereza ilifika mpaka pande za Naivasha. Mwaka 1902 wakaamua kuhamisha ile sehemu yote ya mashariki iwe chini ya utawala wa Kenya, ili reli ikae mkono mmoja. Watu walilala Uganda wakaamka Kenya bila kutembea hatua moja. Mwaka 1926 amri ya Uingereza ikaeleza mstari vizuri zaidi: kutoka ziwani, kufuata mto Sio, mto Malaba, kupanda Mlima Elgon. Wasamia wakawa huku na huku. Wateso wakawa huku na huku. Shamba la baba upande mmoja, kaburi la babu upande wa pili.

Kwa miaka mingi mstari huo haukuwasumbua sana watu, kwa sababu mkoloni alikuwa mmoja, na hata baada ya uhuru, Uganda 1962 na Kenya 1963, nchi hizi zilibaki na mambo mengi ya pamoja. Shida ilikuja baadaye. Idi Amin akachukua serikali Januari 1971. Agosti 1972 akawafukuza Waasia kwa siku 90, na maduka mengi yakafa. Sabuni, chumvi, sukari, mafuta ya taa, vyote vikawa vya kutafuta. Biashara ya magendo ikawa ndio biashara. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu kahawa ya Brazil, bei ya dunia ikaruka, na kahawa ya Uganda ikaanza kutoka usiku kuingia Kenya kwa njia za panya. Soko la Chepkube, chini ya Mlima Elgon, likajulikana kwa utajiri wa ghafla. Februari 1976 Amin akasema kipande kikubwa cha magharibi ya Kenya ni cha Uganda, akirejea ile habari ya 1902. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika.

Hapo baiskeli zilikuwa na kazi kweli kweli. Mzee wetu hakutuficha. "Tulibeba watu, tulibeba sukari, tulibeba kahawa. Na usiku mwingine tulibeba watu ambao hawakuwa wanafanya biashara." Tukamuuliza watu gani. Akasema, "Watu kama nyinyi."

Waganda wengi walikimbilia Kenya miaka ile. Walimu, wanafunzi, wanasiasa, watu wa kawaida tu. Sisi tumezoea kusikia Uganda inapokea wakimbizi, mpaka tunasahau kuwa Waganda nao walikuwa wakimbizi, na baadhi yao walivuka wamekaa kwenye sponji juu ya keria, wameshika shati la kijana wasiyemjua.

Halafu historia ikageuka. Desemba 1987 askari wa Kenya na wa Uganda walirushiana risasi hapo hapo Busia, mpaka ukafungwa siku kadhaa. Na baada ya uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba 2007, moto ukawaka upande wa pili. Zaidi ya watu 1,000 walikufa, na mamia ya maelfu wakatoka majumbani mwao. Maelfu kati yao walivuka Busia na Malaba kuingia Uganda. Walilala kwanza kwenye shule na makanisa, kisha wakapelekwa kambi ya muda ya Mulanda, hapo hapo wilaya ya Tororo, na baadaye wengi wakapelekwa Kiryandongo. Wapo wengine hawajarudi mpaka leo.

Tunamfahamu mama mmoja aliyepita njia hiyo. Tunamwita Mama tu, inatosha. Alituambia alifika karibu na mpaka Januari 2008 na godoro, sufuria, na mtoto mwenye homa. Boda wa kwanza alimtajia bei mara tatu ya kawaida. Akakataa, akaanza kutembea. Boda wa pili alimfuata taratibu kwa baiskeli, akasema, "Mama, weka mtoto." Hakuchukua pesa. Mama hajui jina lake mpaka leo, na anamwombea kwa jina hilo hilo: "Mungu mbariki yule boda."

Tumeandika wote wawili kwa makusudi. Ukiandika wa pili peke yake unadanganya, na ukiandika wa kwanza peke yake unadanganya pia. Mpakani watu ni wale wale wa kila mahali. Kuna anayeona shida yako akaongeza bei, kuna anayeona shida yako akapunguza mwendo. Wote wawili waliita kwa sauti moja.

Siku hizi Busia imebadilika. Tarehe 24 Februari 2018 marais wa Kenya na Uganda walifungua kituo cha pamoja, ambapo unagongewa mihuri ya nchi zote mbili ukiwa upande mmoja, badala ya kupanga foleni mara mbili. Hata Jumuiya ilirudi, mkataba wake ulisainiwa mwaka 1999, na Sudan Kusini ikaingia 2016, Kongo 2022. Kwa karatasi, sisi wote wa kikundi hiki ni watu wa jumuiya moja. Kile kipande kisicho cha mtu, kilichozaa neno letu, hakina tena kazi ile ya zamani. Lakini mwaka 2020 korona ilipokuja, mpaka ukafungwa kwa abiria, malori yakapanga foleni ndefu Malaba, na Uganda ikakataza boda kubeba watu kwa miezi. Ndipo wengi walikumbuka kuwa mpaka unaweza kurudi siku yoyote. Boda wengi walibaki kubeba mizigo tu. Mzee wetu akasema: "Kazi yetu ilianza na mizigo na watu pamoja. Mwaka ule walitukata katikati."

Sasa turudi kwenye meza yetu ya kutafsiri, sababu hii hadithi hatukuitafuta kwa ajili ya kujifurahisha.

Tumejifunza kuwa neno halina kosa. Neno boda lilifanya kazi yake vizuri miaka zaidi ya 50. Lilivusha watu, likavuka lenyewe, likapata maana mpya, na hakuna aliyelidai pasipoti. Kosa ni la mkalimani anayedhani neno lililo mdomoni mwake ndilo lililo sikioni mwa mwenzake. Yule mama wa mapokezi alisikia kile ambacho maisha yake yalimfundisha. Sisi tukasikia kile ambacho fomu ilitaka. Kati yetu pakawa na kipande kisicho cha mtu, na hakukuwa na baiskeli ya kumvusha.

Kwa hiyo pale mezani tumekubaliana mambo matatu, na tunawaomba wenzetu wa kambi nyingine na nyinyi wa mashirika muyafikirie. Kwanza, hatuulizi tena "boda gani". Tunauliza: ulitoka nchi gani ukaingia nchi gani, na mahali ulipovukia watu wanapaitaje? Pili, tunauliza peke yake alikuja kwa nini: miguu, baiskeli, pikipiki, gari, mtumbwi. Tatu, mtu akitaja neno la kwao ambalo hatulijui vizuri, tunaliandika kama alivyolisema, halafu tunaweka maelezo pembeni. Hatumbadilishii neno lake kimyakimya. Maana likibadilika kwenye karatasi, yeye ndiye ataulizwa kwa nini limebadilika.

Kwa ndugu zetu wa mashirika, neno moja kwa heshima. Mkiona maelezo ya mtu hayafanani na ya mwanzo, kabla ya kumshuku yeye, tushukuni kwanza sisi tuliokuwa katikati. Tuulizeni. Hatutakasirika. Inaweza kuwa mtu amesema uongo, ndiyo, binadamu ni binadamu. Lakini inaweza pia kuwa kuna boda imepita hapo.

Na kwa vijana wenzetu mnaoendesha boda hapa kambini, mliokopa pesa za pikipiki mkalipa kidogo kidogo, mnaoambiwa kila siku kwamba hiyo si kazi ya mtu aliyesoma: jueni mmebeba jina lenye historia. Hilo jina lilianzishwa na vijana wa umri wenu, wasio na kitu isipokuwa baiskeli, sponji na sauti. Walisimama mahali ambapo nchi mbili zilikataa kuguswa, wakaita watu wavuke. Tunawaomba kitu kimoja tu. Siku akitokea mama na godoro na mtoto mwenye homa, mkumbuke kuna boda wawili katika hadithi hii, na mchague mnataka kuombewa kwa lipi.

Tulipoagana na mzee pale Busia alikuwa ameshamaliza cheni. Tukamwambia asante, tunaenda Tororo. Akatuuliza tunaenda na nini. Tukasema taksi. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepoteza wateja, akainua mkono kwa gari lililokuwa linashusha watu ng'ambo ya barabara, na kwa sauti ambayo hatukutegemea kwa mtu wa umri ule akaita: "Boda! Boda-boda!"

Mama mmoja mwenye gunia akageuka.

Basi, tuandikieni na nyinyi. Kwenu pikipiki inaitwaje? Na mpaka unaitwaje kwa lugha ya bibi yako, au hakuna neno kabisa? Tunakusanya majibu yote tuyaweke kwenye daftari la wakalimani, ili mama mwingine asije akasubiri wiki nzima kwa ajili ya neno letu moja.